Tundu Nyuma ya Kompyuta

Katikati ya miaka ya tisini kompyuta zilianza kuingia Mwanza kama mitumba. Zilikuwa zimeshatumika Ulaya, zimebandikwa karatasi za ofisi tusizozijua, na wengi walioziagiza hawakuwa na kazi ya kuzipa zaidi ya kuchapa barua. Mimi nilikuwa fundi redio. Nilikwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi mitatu, nikarudi na cheti, bisibisi za nyota, na kitabu cha fotokopi kilichoeleza maana ya milio ambayo kompyuta hutoa inapowashwa. Kuanzia siku hiyo watu wakaniita fundi kompyuta. Hakuna aliyenipinga, kwa sababu hakuna aliyejua zaidi yangu.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa kampuni ya kununua pamba. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika. Serikali ilipofungua milango, wafanyabiashara binafsi wakaingia vijijini na mizani zao. Kampuni hii ilikuwa na ghala Usagara, kule njia panda, na ofisi mjini, ghorofa ya kwanza, madirisha yakitazama ziwa. Kwenye hiyo ofisi kulikuwa na kompyuta moja na mwanamke mmoja wa kuitumia.

Huyo mama alikuwa mpiga chapa wa ushirika kwa miaka mingi kabla ya kupunguzwa kazi. Alikuwa amenizidi umri karibu miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi upande mmoja. Nilipewa wiki mbili za kumfundisha kompyuta. Siku ya kwanza aliiogopa; alikuwa akibonyeza herufi na kurudisha mkono haraka kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Siku ya sita alikuwa akichapa bila kutazama vidole. Mwisho wa wiki ya pili aliniuliza swali kuhusu kupanga majedwali nikashindwa kulijibu, nikamwambia hilo tutalifanya baadaye. Alitabasamu, akaandika swali lile kwenye daftari lake. Kila kitu alikiandika kwenye daftari, la mistari, alilolijalidi kwa karatasi ya kaki kama la mwanafunzi.

Aliniheshimu mno. Nikiingia namwamkia, "Shikamoo mama," naye huitika marahaba huku akinyanyuka kunitafutia kiti, wakati kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kunyanyuka. Aliniita fundi. Nilipenda jinsi alivyolitamka neno lile.

Kompyuta ile aliitunza kama kitu cha nyumbani kwake. Alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile tunavyofunika redio na televisheni, na kila jioni akishaizima aliitandikia. Wageni walikisifu. Mimi pia nilikisifu.

Karibu na msimu wa pamba bosi alinipigia simu. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kadi ya modemu ya kutuma faksi kupitia waya wa simu, lakini laini zetu zilikuwa za kukwaruza na haikufanya kazi hata siku moja. Akataka niitoe. Nikafungua boksi, nikaichomoa, nikafunga. Mahali kadi ilipokuwa, nyuma ya boksi, pakabaki tundu jembamba lenye urefu wa kidole. Kuna kibamba cha bati cha kuziba tundu kama lile, na mimi sikuwa nacho pale. Nikajisemea nitakileta. Nikasahau siku ileile, kabla hata sijafika barabarani.

Wiki kadhaa baadaye yule mama alinisimamisha njiani, karibu na posta. "Fundi, ile mashine inaanza kunichanganya. Asubuhi nyingine nikiiwasha, herufi zinacheza. Zinakuwa nusu nusu. Halafu zinatulia."

"Umeme huo," nikamwambia. "Si unaona ulivyo siku hizi? Unapanda, unashuka."

"Lakini stebilaiza haioneshi kushuka."

"Nitapita."

Sikupita. Akanipigia simu dukani kwangu mara mbili, mara ya pili akasema sasa kuna mistari ya rangi kwenye kioo, na mashine imelia mlio asioufahamu. Nikamwambia aizime kidogo, aiwashe tena. Aliponiambia imekaa sawa, nikamwambia, "Umeona?" kama vile nimeitengeneza mimi.

Siku mashine ilipokufa kabisa ilikuwa katikati ya msimu. Kina mama na wazee wa vijijini walikuwa wakisubiri orodha za mizani, malori yamepanga foleni Usagara, na bosi alikuwa akitembea toka dirishani hadi mlangoni kama mbwa aliyefungwa. Nilipoingia, mama alikuwa amesimama kando ya meza, na kompyuta imefunikwa kitambaa chake.

"Imegoma tangu saa mbili," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikaizima, nikaifunika, wale wadudu wa ziwani walikuwa wanaingia dirishani."

Nikakitoa kitambaa, nikawasha. Kioo kilibaki cheusi. Mashine ikalia: mlio mmoja mrefu, kisha miwili mifupi. Kwa mujibu wa kile kitabu changu maana yake ilikuwa moja. Tatizo liko kwenye kadi ya picha, ile kadi ndani ya boksi inayopeleka maandishi na picha kwenye kioo. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Fundi mwenye akili angefungua boksi, akaichomoa kadi, akaitazama, akairudisha. Ni kazi ya dakika kumi.

Sikufungua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na majibu ninayoyapata hayanipendezi. Sikuwahi kushika kadi ya picha mbele ya macho ya mteja, na niliogopa ikinishinda nitaonekana. Na kule dukani kwangu kulikuwa na kompyuta mbili zilizoshushwa kwenye treni ya Dar juzi yake, nzuri kuliko hii, zinangoja mnunuzi.

Nikaweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa na joto. Nikamwambia bosi, "Kadi ya picha imeungua."

"Imeungua na nini?"

Nikawa bado nimeshika kitambaa mkononi. Nikakitazama. Bosi akakitazama.

"Mashine hizi zinapumua," nikasema. "Hazipendi kufunikwa."

"Fundi," yule mama akasema, "mimi naifunika ikiwa imezimwa. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Nilikuwa nimemwona jioni nyingi akisubiri feni inyamaze ndipo atandike. Bosi akanigeukia. "Kwa hiyo ni yeye?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikainama kwenye mfuko wangu wa vifaa, nikawa natafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Mchana uleule bosi alinunua kompyuta mojawapo ya zile zangu. Akasema ile mbovu niichukue, nitoe vipuri nitakavyovitaka. Jioni nilipoifunga kwenye katoni, mtu wa usafi alinisaidia kusomba vilivyokuwa mezani: nyaya, flopi, na madaftari. Yule mama hakuwapo. Siku ya pili yake mlinzi aliniambia mama amepewa barua ya kuachishwa kazi. Baada ya wiki mbili kiti chake kilikaliwa na binti wa dada yake bosi, naye nikapewa wiki mbili nimfundishe.

Katoni ile ilikaa nyuma ya duka langu mpaka mwezi wa tisa. Siku hiyo nilihitaji chipu za kumbukumbu kwa mashine ya mteja mwingine, nikaivuta, nikafungua skrubu za boksi, nikainua mfuniko.

Harufu ndiyo iliyoanza, harufu ya dagaa waliolowana. Kisha nikaona. Anayeishi kando ya ziwa letu anavijua vile vijidudu vinavyonyanyuka majini kama moshi, vikaja mjini na upepo, vikajaa kwenye taa na kuta na ndani ya vikombe vya chai. Vilikuwa vimelala ndani ya boksi kama pumba za mpunga, tabaka juu ya tabaka, vimeganda kwa unyevu. Vilikuwa vingi zaidi upande mmoja. Nikageuza boksi kutazama nyuma. Tundu lilikuwa palepale, wazi, kama nilivyoliacha. Feni ya ndani ilikuwa ikivuta hewa kupitia pale, siku zote zile, na kila kilichokuwa hewani kiliingia nayo. Kadi ya picha ilikuwa jirani na lile tundu.

Nilikaa chini kwanza. Kisha nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya mwezi wa saba. Nikapangusa vijidudu kwa brashi ya rangi. Nikafungua skrubu ya kadi, nikaichomoa taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yameingia kutu ya kijani. Sikuona doa la kuungua popote. Nikayasugua kwa raba ya kufutia penseli, nikayapangusa kwa pamba yenye spiriti, nikairudisha kadi, nikaunganisha kioo, nikawasha. Ikalia vilevile: mrefu mmoja, mifupi miwili.

Nakiri nilifarijika. Kama kadi imekufa kweli, basi labda joto nalo lilihusika. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea kazi, haukutaka kuacha. Nikaichomoa tena, nikamulika kwa tochi ule mfereji inamokaa. Mlikuwa na mabawa na miguu ya wadudu, vimeshindiliwa. Nikavichokoa kimoja kimoja kwa sindano, nikasafisha kwa mswaki mkavu, nikaikandamiza kadi kwa vidole gumba viwili mpaka ikaingia yote. Nikawasha.

Mlio mmoja, mfupi. Kioo kikawaka. Maandishi yakapanda, meupe, yametulia tuli.

Ndani ya katoni mlikuwa na lile daftari lake la jalada la kaki. Nililifungua nikidhani nitakuta maelekezo yangu ya kuchapa. Kurasa za mwisho zilikuwa za ugonjwa wa ile mashine. Aliandika siku, saa, na alichokiona. "Herufi zinacheza. Jana jioni wadudu wengi." "Leo nzuri. Upepo umetoka nchi kavu." "Mistari. Mlio mrefu mmoja, mifupi miwili. Wadudu tena, na mvua." Chini kabisa aliandika kwa mwandiko ule wa shule za zamani: "Kumwuliza fundi, je, wadudu wanaweza kuingia kwa nyuma?"

Alikuwa ameukaribia ukweli bila bisibisi. Kilichokuwa kimebaki ni mtu wa kumwuliza.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ni ngumu zaidi kuisimulia, ingawa ndani yake hakuna kilichotokea. Nilinyamaza. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi, Krismasi. Nilijiambia mama yule ni hodari, bila shaka ameshapata pengine pa kufanya kazi. Nilijiambia nikisema sasa, bosi ataniuliza kwa nini nilimuuzia kompyuta wakati yake ilihitaji mswaki na raba. Ile mashine niliiweka mbele ya duka na kuwachapia watu barua za maombi ya kazi. Ilifanya kazi vizuri. Tundu nililiziba kwa bati la kopo.

Mwezi wa pili alikuja dukani mwenye stesheneri moja ya pale mjini, akilalamika kwamba hapati mpiga chapa wa kuaminika. Nikaona nafasi ya kulipa kimyakimya. Nikamtajia yule mama.

"Yule aliyeunguza kompyuta ya watu wa pamba?" akasema. "Hapana. Alishakuja kwangu. Nilimkatalia."

"Hakuiunguza yeye."

Akacheka. "Si ni wewe mwenyewe uliyesema?"

Alikwenda zake. Nikafunga duka ingawa ilikuwa saa nne asubuhi.

Jumamosi nilitoka nyumbani Buhongwa mapema, nikapata lifti ya pikapu hadi Kisesa, na kutoka hapo nikatembea kwenda Bujora. Niliambiwa amerudi kwao, nyumba iko upande wa pili wa kilima. Nilimkuta shambani, anapalilia pamba. Alinitambua kutoka mbali, kwa maana alisimama wima, akaegemea mpini wa jembe, akangoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuuliza habari za mjini wala za nyumbani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale kati ya mistari ya pamba: tundu, kibamba cha bati nilichokisahau, wadudu, raba, mswaki, daftari. Nilimwambia kitambaa chake hakikuwa na kosa lolote. Alisikiliza huku akitoa udongo kwenye jembe kwa kidole.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwezi wa tisa."

"Na huu ni mwezi wa pili."

"Ndiyo, mama."

"Ile siku ya kwanza naweza kuielewa," akasema. "Bosi alikuwa amekusimamia, mtu anaogopa. Lakini hii miezi mitano, ulikuwa unaogopa nani?"

Kisha akaniuliza kama nimeshamwambia bosi. Nikasema bado, nimeona nianze na yeye.

"Umeanza penye urahisi," akasema, akaendelea kupalilia.

Nilimwambia duka langu linahitaji mpiga chapa, nafasi ni yake kuanzia Jumatatu. Alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Nitakaa pale kila mashine ikilia nikikutazama uso. Siwezi." Nikamwambia basi angalau achukue ile kompyuta, ni yake, nitamletea. Hapo akacheka, mara moja tu, kicheko kikavu, akanyoosha mkono kuonesha nyumba, bati lake, miti, kilima. Hapakuwa na nguzo ya umeme mpaka macho yanapoishia.

Jumatatu nilikwenda kwa bosi. Nilisema mbele ya yule binti wa dada yake, mbele ya mlinzi, mlango ukiwa wazi. Bosi alinisikiliza akiwa ameshika simu mkononi. Akaniuliza, "Sasa wewe ni fundi gani?" Kisha akasema nafasi ya yule mama ina mtu, na hawezi kumtoa mtu kwa ajili ya makosa yangu. Lakini alikubali kugonga mhuri kwenye barua nitakayoiandika mimi, kueleza kwamba mfanyakazi yule hakuharibu mali ya kampuni. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa kazi yoyote, na kabla msimu uliofuata haujaisha kampuni yenyewe ilifunga, wakahama.

Barua niliichapa kwenye ile kompyuta. Nikarudi Bujora nayo. Safari hii alinikaribisha uani, akanipa kigoda, akanipa uji. Aliisoma barua polepole akiwa ameishika mbali kidogo, kwani miwani ilishavunjika. Kisha akaomba kalamu. Nilidhani anataka kuweka sahihi mahali fulani. Akasahihisha. Aliweka mkato, akaunganisha neno nililolitenganisha, na pale nilipoandika "mfanyakazi hodali" akaikata l akaweka r, kama mwalimu.

"Ukichapa tena," akasema, "acha nafasi baada ya nukta."

Nikachapa tena, nikampelekea kwa mkono wa mtu aliyekuwa akienda Kisesa. Sijui kama aliipeleka popote. Nilikuja kusikia kwamba hakurudi tena kwenye kazi za ofisini. Watu wa stesheneri nilizunguka kuwaambia mmoja mmoja, na wengi walinisikiliza kwa adabu, lakini niligundua kwamba habari ya kwanza watu huishika na ya pili huisikia tu. Mmoja aliniambia, "Inawezekana, fundi, lakini na yeye hakupaswa kufunika mashine." Nikaeleza upya tangu mwanzo. Akaitikia, akanihudumia, na nilipotoka nilijua hajabadili kitu.

Mara ya mwisho nilimwona mnadani Kisesa, miaka mitatu au minne baadaye. Alikuwa na magunia mawili ya mchele, akiuza pamoja na mwanamke mwenzake. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa na miwani mipya. Nilimwamkia. Akaitikia, na safari hii akaniuliza habari za nyumbani, watoto, kazi. Nikajibu. Nikamwuliza habari za kilimo, akasema mvua zilichelewa lakini si vibaya.

Kisha akamgeukia mwenzake. "Huyu alikuwa fundi wetu, kule ofisini."

Yule mwanamke akafuta mkono kwenye khanga yake, akanipa. Nikaushika. Nilimtazama mama nikingoja aendelee, amalizie lililobaki, nami nilikuwa tayari kulisikia mbele za watu. Lakini mteja alikuwa amefika, na yeye akainama kumpimia mchele.